Hodi ya Nne

Shoga yangu Mayasa wa Mapinga hawezi kelele, na mimi simlaumu. Jirani yake mmoja hufyonza chai kama ng'ombe mtoni. Mwingine hufungulia redio mtaa mzima ujue kuwa anayo.

"Bora Mungu anizibe masikio," alizoea kuniambia, "nisiwasikie tena mahayawani hawa."

Juzi mchana alikwenda dukani kununua pamba ya kuziba masikio. Muuza duka akafungua mdomo, Mayasa asisikie neno. Bodaboda ikampita nusura imguse, kimya. Akarudi nyumbani anacheka, akatia komeo, akafunga madirisha yote, akajikalia gizani sebuleni, raha mustarehe.

Haya ameniandikia mwenyewe kwenye simu, maana hasikii mpaka leo.

"Hodi," akasikia, wazi kabisa, sauti ya kike yenye adabu, nje ya mlango.

Hakuitikia. Kwetu mgeni hupiga hodi tatu; asipokaribishwa, huenda zake. Ikaja ya pili. Ikaja ya tatu.

"Piga mpaka ukauke, mpumbavu wee!" akapayuka, na sauti yake mwenyewe hakuisikia.

Hodi ya nne ilitoka chumbani kwake.