Kola ya Karatasi

Wiki ile ya kufungua shule, duka la fundi cherehani lilijaa watu mpaka kizingitini. Akina mama walibanana kama vitambaa kwenye rafu, watoto walipandishwa juu ya stuli kupimwa viuno, na fundi mwenyewe, futi ya kamba shingoni na pini nne mdomoni, alijibu kila swali kwa "mm" moja tu. "Mm" hiyo ilikuwa na maana nne, na wateja wake walizijua zote: ndiyo, hapana, njoo kesho, na usiniharakishe.

Ndipo gauni jeupe lilipopenya katikati ya watu. Ndani yake alikuwamo mwanamke mrefu, viatu vyeusi vya kufunga kamba, nywele kazibana nyuma bila masihara, na mkono mmoja kaubana ubavuni kama mtu aliyeiba nanasi.

"Fundi, nisaidie. Kwapa limefumuka na nina zamu saa sita."

Fundi alitema pini kiganjani. Hakuwa na tabia ya kutoa pini mdomoni kwa ajili ya mtu yeyote. "Inua mkono nione."

"Nikiinua, watu wote hawa wataona mpaka ini."

"Basi ingia nyuma ya pazia, unipe hilo gauni."

"Nami nibaki na nini?"

"Na adabu zako."

Duka zima lilicheka, na nesi akacheka kuliko wote. Aliingia nyuma ya pazia, akajifunga shuka la kufunikia vitambaa, akarusha gauni nje. Fundi alilipokea kama anayepokea mtoto mchanga. Hakuwa amemaliza hata mshono mmoja, sauti ikatoka kule nyuma:

"Hizi blauzi za shule ya msingi zilizotundikwa huku, nani kashona?"

"Nani mwingine?" alijibu kwa maringo.

"Mikono mirefu, myembamba, vifungo vitatu kwenye kifundo cha mkono! Kumbe adui yangu ni wewe? Muhula uliopita nimechanja wasichana tisini pale. Mkono haukunjiki ukafika begani. Kila mtoto ilibidi avue blauzi nzima nyuma ya ubao. Tulianza asubuhi, tukamaliza walimu wameshakwenda zao!"

Akina mama wakacheka tena. Fundi hakucheka. Alirudisha pini mdomoni, akainama juu ya cherehani.

"Mm," alisema. Na hiyo ilikuwa maana ya tano, ambayo hakuna mteja aliyewahi kuisikia.

*

Fundi alikuwa mjane wa miaka minne. Aliishi vyumba vya nyuma ya duka na binti yake wa miaka kumi na miwili, aliyeitwa Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi iliyokaa juu ya mdomo wake, palepale ilipokaa ya mama yake. Pamoja nao aliishi mama mkwe, aliyekuja kumzika mwanawe, akaona mjukuu anakwenda shule na soksi za rangi mbili, akafungua begi lake na hakulifunga tena.

Yule nesi alirudi baada ya siku mbili: kifungo. Akarudi tena: pindo. Akarudi mara ya nne na gauni ambalo halikuwa na kasoro yoyote, ikabidi wakae waitafute pamoja. Fundi naye akaanza kunyoa ndevu kila asubuhi na kupiga pasi shati la kufanyia kazi.

"Mwanangu," mama mkwe alimwuliza siku moja, anachambua mchele wala hainui macho, "hilo gauni la nesi lina makwapa mangapi?"

Mchana, wateja wakipungua, simu ililia.

"Haloo, mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Mgonjwa gani tena?"

"Wewe. Leo unaumwa nini?"

"Naumwa kutokukuona tangu juzi."

"Hiyo haina dawa ya kunywa, kipenzi. Ina sindano tu."

"Basi nimepona."

"Fundi mzima, unashika sindano kutwa, unaogopa sindano?"

"Yangu naishika upande wa tundu. Yako nitapewa upande wa ncha."

Nesi alicheka mpaka mtu wa upande wake akamwuliza kama yuko salama. Fundi alikata simu, akagundua ameshona mfuko wa suruali ukafungwa mdomo.

*

Jumamosi moja mchana duka lilikuwa kimya. Nesi alisimama mbele ya kioo na gauni la kijani aliloshonewa kwa mapenzi na lililomkaa kwa mapenzi vilevile. Fundi alipiga magoti akipanga pini kwenye pindo. Ukutani, kwenye msumari, zilining'inia ruwaza zake, vile vipande vya karatasi anavyolaza juu ya kitambaa kabla ya kukata. Nesi alinyoosha mkono, akachukua kimoja kwa mchezo. Kilikuwa kola ya blauzi ya mtoto, imekatwa kwenye karatasi ngumu yenye maandishi. Akasoma.

"'Ridhaa ya mzazi... chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi...'" Akaigeuza. Jina la mwanafunzi lilikuwa limekatika katikati, lakini darasa lilisomeka. "Fundi. Hii ni fomu ya Kidoti?"

"Karatasi nzuri ile. Kola inakaa vizuri."

"Umeikata makusudi."

"Sikuitupa. Mimi karatasi situpi."

"Ndiyo maana sikumbuki kumwona kwenye foleni muhula uliopita. Kwa nini?"

Fundi aliendelea kupanga pini. "Watu wanasema sindano hiyo inafunga kizazi."

"Watu gani?"

"Watu tu."

"Haifungi kizazi, mpenzi. Inakilinda. Kuna kirusi kinaitwa HPV. Kikimkaa mwanamke miaka mingi, ndicho kinacholeta saratani pale kwenye mlango wa kizazi. Chanjo inakizuia kisiingie. Na tunawachanja wangali wadogo hivi, kabla hawajakutana nacho, maana kikishaingia chanjo haikitoi."

"Kinatoka wapi?"

Nesi hakuwahi kumdanganya mgonjwa, akaona hawezi kuanza na huyu. "Kinaambukizwa kwa kujamiiana."

Fundi aliinuka taratibu. Aliivua futi shingoni, akaikunja, akaiweka mezani kama anayefunga duka.

"Mama yake Kidoti alikufa na ugonjwa huo. Mtaani tulisema tumbo, ila cheti kimeandika mlango wa kizazi. Alinijua mimi tu, tangu nilipomwoa mpaka nilipomzika. Leo unasimama ndani ya nyumba yake kuniambia alikuwa anatoka nje?"

"Sijasema hivyo! Nisikilize kwanza."

"Nenda, utachelewa zamu."

Siku hiyo hakuwa na zamu, na wote wawili walijua. Nesi alichukua mkoba wake akatoka na gauni lake lisiloisha, pindo limejaa pini, na kila hatua zikamchoma kwenye miundi mpaka kwake.

*

Siku tisa hawakuongea. Akishika simu, fundi aliiweka. Nesi naye alipiga mara mbili, ikalia weee, haikupokelewa. Fundi alishona shati lenye mikono miwili ya kushoto, na mwenye shati, kwa heshima, akaomba kuuliza.

Siku ya tisa asubuhi mama mkwe alimwekea chai, akaketi mbele yake na khanga yake ya kutokea.

"Nesi hajambo. Amekonda kidogo."

Chai ilimpalia. "Umemwona wapi, mama?"

"Zahanati. Jana. Wewe mdomo wako una pini, wangu uko wazi, nikaenda kuuliza. Nikamwambia, binti yangu alikuwa mtulivu kama maji ya mtungini, aliupata wapi ugonjwa huu? Akanikalisha. Akasema, mama, karibu kila mtu aliyewahi kulala na mtu hukipata kirusi hiki wakati fulani, wake kwa waume, hata aliyejua mmoja tu. Wengi mwili unakifukuza wenyewe. Kwa wachache kinabaki, kimya, miaka kumi, miaka ishirini. Hakina uhusiano na umalaya."

Fundi alisukuma kikombe kando. Kisha hesabu ikaanza kujipanga kichwani mwake, polepole, naye hakuweza kuizuia. Mke wake alimjua mmoja tu. Yeye, enzi za kujifunza kazi, kabla ya ndoa, hakuwa mtulivu kama maji ya mtungini.

"Mama," alisema. "Kwa hiyo nilimletea mimi."

Mama mkwe aliweka kikombe chini. "Nilijua utafika hapo. Mimi nilifika jana, kwenye benchi la zahanati. Nikakaa nikakuchukia kama dakika ishirini hivi."

"Mama..."

"Ngoja. Nikamwuliza nesi na hilo. Akasema anayekibeba hana kidonda, hana homa, wala hajui. Nikawaza, nimlaumu vipi mtu kwa kitu ambacho macho yake hayakukiona? Na mwanangu naye hakuna aliyemwambia akapimwe mapema, hata mimi mama yake. Basi nikakusamehe, na mimi nikajisamehe, nikaingia ndani nikapimwa." Alivuta pumzi. "Lakini zamani hatukujua. Sasa unajua. Kidoti asipochanjwa kwa sababu ya kiburi chako, hapo nitakuchukia zaidi ya dakika ishirini."

Kisha akanywa chai yake, akalalamika kwamba imepoa.

Mchana Kidoti alipotoka shule, fundi alimwita, akampisha kwenye kiti chake cha cherehani, kiti ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia.

"Mama yako hakuumwa tumbo," alianza.

"Najua, baba. Bibi alishaniambia. Nilikuwa nakungoja wewe."

Fundi alimtazama kile kidoti juu ya mdomo. Mtoto ndiye aliyeendelea.

"Kesho wanakuja tena kuchanja, waliokosa. Fomu yangu iko wapi?"

Iko wapi! Kola ilikuwa kwenye msumari, na vipande vilivyobaki vilikuwa ndani ya gunia la mabaki, maana kweli fundi karatasi hakutupa. Kidoti alisema mwalimu ana fomu nyingine nyingi. Fundi akakataa katakata. Aliketi, akapanga vipande juu ya meza, kola ikarudi mahali pake, jina la mwanawe likaungana, akavipitisha chini ya cherehani kwa mshono wa zigizaga, uzi mweupe. Akatia saini. Kisha akachukua blauzi ya Kidoti na kiwembe, akafumua bega la kushoto.

*

Asubuhi yake darasa la tano liligeuzwa chumba cha chanjo. Sanduku la baridi lilikuwa juu ya meza ya mwalimu, pamba kwenye kisahani, wasichana kwenye foleni wakisukumana na kuchekana. Mwishoni mwa foleni, kichwa na mabega juu ya wote, alisimama fundi, ameshika mkono wa Kidoti, au Kidoti alikuwa ameshika wake.

Zamu yao ilipofika nesi hakuinua uso haraka. Alipokea fomu, vidole vyake vikagusa mshono. Akaipapasa mbele na nyuma.

"Nani kaishonea serikali karatasi yake?"

"Mkosaji," fundi alijibu.

Kidoti alipeleka mkono begani, akafungua vifungo vinne vidogo, na mkono wa blauzi ukaanguka kando ukaacha bega wazi, bila kuvua chochote. Wasichana wa nyuma wakasema "Eee!" Nesi aliuma mdomo, macho yakamng'aa, lakini kazi ni kazi. Akafuta, akachoma, akabandika pamba. Kidoti alikunja uso kidogo tu. Aliyetokwa na jasho ni baba yake.

"Mpeni kiti mzazi huyo," nesi alisema, "kabla hajatuangukia."

Wakampa kiti cha darasa la kwanza. Magoti yakamfika kidevuni.

"Imekwisha," nesi alimwambia Kidoti. "Kaa hapo robo saa nikutazame. Na ukiwa mtu mzima kama mimi, ukapimwe pia. Chanjo haifuti kipimo. Sawa?"

"Sawa, mama mdogo," Kidoti alijibu, na neno hilo akalisema akimtazama baba yake.

Foleni ilipokwisha, nesi alifunga sanduku lake, akaja kusimama mbele ya kile kiti kidogo.

"Nina pini zako kumi na moja."

"Hukuzitoa?"

"Gauni limetundikwa ukutani, pini zake ziko vilevile. Nikilitazama tu linanichoma."

"Nisamehe. Nilidhani umemtukana marehemu. Kumbe nilikuwa naogopa jibu."

"Na mimi nilikosea. Mgonjwa huwa namkalisha kwanza ndipo namwambia. Wewe nilikwambia umepiga magoti."

Fundi alitazama magoti yake, yalivyokuwa karibu na masikio, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi. Kisha akaivuta futi mfukoni, akaizungushia kidoleni, akaikunjua tena.

"Nesi. Nataka kukupima."

"Hapa mpimaji ni mimi."

"Kukupima nguo. Nyeupe."

"Nyeupe ninazo tatu, na zote zimefumuka kwapa."

"Hii ni ndefu. Ya kuvaa siku moja tu."

Nesi alianza kupanga pamba ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Mama mkwe wako atasemaje?"

"Yeye ndiye aliyetoa kitambaa. Kilikuwa begini mwake miaka minne. Asubuhi ameniwekea juu ya cherehani, akaniambia nisikate mpaka nijue vipimo."

Kule kwenye kona Kidoti, ambaye robo saa yake ilikuwa imekwisha zamani na hakuna aliyekumbuka kumruhusu, aliinua sauti:

"Baba, mikono uishone mipana!"

Fundi alimtazama nesi, akingoja. Nesi alikuwa ameokota pini moja iliyodondoka kutoka kwenye shati la fundi, na kwa kukosa pa kuiweka, ameibana mdomoni.

"Mm," alisema.

Na fundi, anayezijua zote tano, hakuhitaji kuuliza ni ipi.