Matundu ya Ndoo Sita

Duka la vifaa vya ujenzi lilijaa hadi mlangoni. Mshona sare alikuwa kwenye foleni na ndoo sita mpya, miguu ikiwaka moto baada ya kushinda kwenye cherehani. Gauni lake la maua lilikuwa limepauka mabegani, na nyuzi nyeupe zimemganda kwenye nywele. Alipomwomba muuzaji amtobolee ndoo zote chini, kijana wa ovaroli ya bluu nyuma yake akacheka.

"Dada, ndoo mpya unaitoboa? Sisi mafundi bomba tunalipwa kuziba."

"Napanda saladi. Maji yakikosa pa kutokea, mizizi inaoza."

"Basi hata mimi nitoboe, maana nimejaa tangu ulipogeuka."

Kijana alimbebea ndoo hizo hadi kwake, ghorofa ya tatu. Tangu siku hiyo simu hazikukatika. Kijana akamwita Bi Majani, naye mshona sare akamwita Fundi, basi. Saladi zikastawi kwenye kibaraza, na kila jioni mshona sare alichuma majani ya nje tu ili ya ndani yaendelee kukua. Hapo tu ndipo mabega yake yalipolegea na uchovu kumtoka.

Mwezi wa tatu tangu wakutane, Fundi akamwomba wafunge ndoa. Kabla hajajibu, habari ikaja kwamba mama yake amepooza upande mmoja. Akamwachia Fundi ufunguo wa akiba, aende kumuuguza.

"Nitakujibu nikirudi."

"Nenda, mpenzi. Saladi zako nitazinywesha kama wanangu."

Alirudi baada ya wiki tatu, mama yake akipandishwa ngazi kwenye kiti na majirani wawili. Kibarazani saladi zote zilikuwa za njano, zimelala, zinanuka. Hajaweka hata mkoba chini, jirani wa kike wa ghorofa ya pili akaja kutoa pole. Katika maneno yake mengi akamsifu Fundi: kijana anayejali, kila siku alikuwa mlangoni kwake huko chini, mwanamume kama yule haachwi akizurura.

Hapa ndipo nawaonya, mabinti. Angeuliza tu, alikuwa mlangoni anafanya nini? Hakuuliza. Alikuwa amechoka, na aliyechoka hivyo huchukua jibu la karibu: kwamba Fundi ana jambo na jirani. Fundi alipopiga jioni, alimwambia maneno machache.

"Nimerudi. Jibu ni hapana. Ufunguo mwachie mlinzi."

Fundi alipiga siku tisa. Simu ilitetemeka juu ya meza huku yeye akimlisha mama uji, akimfulia, akimgeuza kitandani asipate vidonda.

Siku ya kumi akapata nguvu ya kumwaga zile ndoo. Udongo ulitoka na maji meusi. Alipozigeuza, akaona kila tundu limezibwa kwa gundi nyeupe ya mabomba, imelainishwa kwa dole gumba, kazi safi kabisa. Akashuka kwa jirani, mikono bado ina tope. Jirani akashangaa kuulizwa. Maji yalikuwa yakidondokea nguo zake kambani, akamgombeza Fundi, naye akaziba, kisha akawa anapita kila siku kuuliza kama yamekoma.

"Kwani hakukwambia?"

Akampigia akiwa palepale kwenye ngazi.

"Fundi, kumbe uliziba."

"Maji yanayodondoka siwezi kuyaangalia, ndiyo kazi yangu. Nilidhani nakusaidia, nikasahau ulichosema dukani. Saladi ziliponyauka nikazidi kuzimwagia. Kosa langu, Bi Majani. Lakini ungeniuliza."

"Nilichoka."

"Najua. Hata mimi nilichoka kupiga."

Kisha Fundi akamwambia kwamba jana amesaini mkataba na mjenzi mmoja, miaka miwili, mji wa mbali. Gari linaondoka kesho asubuhi.

"Twende wote," akasema Fundi. "Fungasha sasa hivi."

Juu, mama aliita. Saa ya kugeuzwa ilikuwa imefika.

"Siwezi kumwacha mama."

"Wiki iliyopita ningehamia hapo tukamgeuza wawili. Sasa nimeshatia sahihi."

"Jibu langu lilikuwa ndiyo," akasema mshona sare. "Nilirudi nalo."

"Mbona hukunipa?"

Wakaagana kwa sauti za chini, kama watu wanaoogopa kumwamsha mgonjwa. Akapanda ngazi, akanawa tope, akapitisha mkono chini ya mgongo wa mama yake, akamgeuza peke yake.