Sabuni Isiyotoa Povu

"Ngosha, hii sabuni yenu ya mjini mbona haitoi povu?"

Yeremia aligeuka na ndoo mkononi, akasimama palepale. Mama yake, Tereza, aliyezoea kumwita Ngosha, yaani mwanamume kwa Kisukuma, alikuwa amechuchumaa kwenye karai nyuma ya chumba alichopanga mwanawe Kirumba, Mwanza, anasugua shati la mwanawe kwa jibini.

Jibini lenyewe lilikuwa zawadi. Mchumba wa Yeremia, Getruda, alipewa na tajiri yake Champaben, aliyekuwa akimpikia. Friji hawakuwa nayo, Getruda akaliweka kwenye sufuria ya maji kando ya mtungi. Kipande kirefu, cha njano. Mwaka ule wa tisini na tatu vitu vya nje vilikuwa vimejaa madukani, lakini mama wa kijijini Buswelu angelijuaje jibini?

Na mama huyo alikuja kumkagua Getruda. Alishasema wazi: "Anayepikia Wahindi atampikia nini Msukuma? Rebeka yupo nyumbani, anakungoja."

Getruda akatoka na kisu, akaona. Yeremia akamtikisia kichwa asicheke. Wifi ya mama yake aliwahi kumcheka mama alipoteleza kanisani. Mwaka wa tisa huo hawajasalimiana. Hapa kicheko kimoja tu, ndoa hakuna.

Getruda akapiga goti.

"Pole mama. Hiyo sabuni ni mbovu, walinidanganya dukani."

"Wamekudanganya kweli! Enzi za foleni za sabuni tulifulia majani ya mpapai, na yalikuwa afadhali. Halafu inanuka maziwa!"

"Nipe mama, nikuletee nyingine."

Akaipokea kwa mikono miwili. Ndani, Yeremia akamnong'oneza:

"Nusu imeisha! Utapika nini?"

"Nusu imebaki. Acha kutetemeka, pepea jiko."

Akamenya sehemu yote iliyogusa maji ya kufulia. Akapaka slesi za mkate siagi, akatandaza kitunguu na hoho, juu yake jibini lililokatwa jembamba kama karatasi. Akapanga kwenye kikaango, akafunika, akaweka makaa mawili juu ya mfuniko. Chai haijachemka, jibini limeshayeyuka na kushuka pembeni.

Mama akala slesi ya kwanza. Ya pili, ya tatu. Ya nne akauliza:

"Binti, hiki kinachovutika ni nini?"

"Jibini, mama. Maziwa yaliyogandishwa."

Mama akatazama nje. Shati lilikuwa kwenye kamba, kola imejaa nzi.

"Kilichobaki kiko wapi? Kilete."

Getruda akamtazama Yeremia, kisha akakileta. Mama akakinusa. Akanusa na vidole vyake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje, mama? Ulikuwa unamfulia mwanao."

 Halafu mabega ya mama yakaanza kutikisika. Alicheka, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, akacheka tena.

"Ngosha!"

"Naam, mama."

"Kesho panda baiskeli, nenda kwa kina Rebeka. Waambie wasingoje. Jumamosi nakwenda na wajomba zako kwao huyu binti, kumposa."

"Ahsante, mama."

"Ahsante nini? Uliniona nafulia chakula ukasimama na ndoo kama nguzo!"

"Nilikuogopa."

"Basi usiache. Binti, slesi zimebaki ngapi?"

Walioana kabla mwaka haujaisha, na Champaben akatuma jibini zima, limefungwa kwa karatasi ya zawadi.

Siku hizi jibini limejaa kila duka Mwanza. Yeremia ana mvi, jiko ni la gesi, lakini Getruda hukataa: lazima mkaa, lazima makaa mawili juu ya mfuniko. Kila anapofunika, Yeremia huikumbuka ile miaka simu zilipofika Buswelu, mama akiwa mzee, haoni vizuri. Mama alikuwa hampigii yeye. Alimpigia mkwewe.

"Getruda, shikamoo zako nitazipokea nikifika. Sabuni ipo?"

"Ipo, mama."

"Washa jiko. Nakuja."