Rangi Aliyoichagua Mama Mkwe

"Mama, hii haiko kitambaa yangu."

Kétsia alisema hivyo akiwa amesimama mbele ya kioo, robe, gauni lake la arusi, imefika kifuani na mikono bado haijaingia. Mshonaji wake, Mama Nyiransabimana, alikuwa amepiga magoti nyuma yake, pini midomoni. Alizitoa moja moja, akazichoma kwenye kimto chake, ndipo akajibu:

"Njo ile waliniletea. Mama mukwe wako alikuja nayo yeye mwenyewe. Alisema mulisha sikilizana."

Kétsia akalisogeza pindo la robe kwenye mwanga wa mlango. Mtu mwingine angeiita nyeupe tu. Lakini kazi yake ilikuwa kupamba salle, kumbi za arusi, Masisi-centre na Lushebere, na macho yake hayakuhitaji kuambiwa. Hii ilikuwa ivoire, nyeupe yenye kuvuta umanjano, kama jibini changa la Masisi. Alikuwa ameitundika ukutani mara nyingi kwa arusi za wenzake, na aliipenda. Ila kitambaa alichokwenda kuchagua Goma pamoja na mchumba wake Floribert kilikuwa cheupe kabisa.

"Alitoa sababu?"

Mama Nyiransabimana aliinamisha macho.

"Alisema mwanamuke mwenye alisha kuzala hawezi kusimama mbele ya altari na nyeupe. Ati ivoire njo yake. Unisamehe, nilizani unajua."

Kétsia aliivua robe taratibu, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya cherehani. Kisha akatoka bila kuaga.

Ni kweli alikuwa na mtoto. Fifi alikuwa na miaka mitano. Baba yake, Jules, alikuja kufanya kazi katika kambi ya wakimbizi ya Kashuga wakati Kétsia na wazazi wake walipokuwa wamekimbilia huko. Aliahidi ndoa, na siku alipoambiwa kuna mimba, akabadilisha namba ya simu. Kétsia hakumficha mtoto wake kwa mtu yeyote. Alimbeba mgongoni akapamba arusi ya kwanza ya jirani kwa riboni za kuazima, na kazi ikaanzia hapo.

Floribert alimkuta katika kazi hiyo. Yeye alikuwa kijana wa familia ya wafanyabiashara wa Butembo, aliyefungua duka la misumari, mabati na rangi pale Masisi-centre. Kétsia alikwenda kununua kamba. Wiki iliyofuata alikwenda tena, na mara ya tatu Floribert akafunga duka akamfuata salle kumshikia ngazi. Fifi naye akaanza kumwita Papa Flori kabla watu wazima hawajakubaliana chochote.

Siku hiyo Floribert alikuwa kwenye njia ya Walikale, lori lake limezama kwenye matope. Kétsia alimpigia, sauti ikakatika. Akamwandikia:

"Kitambaa ya robe yangu imebadilishwa. Ulikuwa unajua?"

Jibu lilikawia mpaka moyo ukaanza kujifariji wenyewe. Likaja:

"Nilijua. Mama aliniambia wiki iliyopita. Sikutaka kelele ndani ya nyumba. Na nilizani hizo rangi zinafanana tu, watu hawataona."

Kétsia aliisoma mara mbili. Kisha akaandika:

"Kama zinafanana, juu ya nini mama yako alisumbuka kubadilisha? Arusi isimame kwanza."

Akazima simu.

Mama yake mzazi hakumwelewa. Jioni, wakichambua maharagwe, alimwambia kwamba mwanaume anayempokea mtoto wa mwenzake haokotwi barabarani, na kwamba robe ni nguo ya siku moja tu. Alisema kwa upole, kama mtu aliyechoka kuona mtoto wake akiumia.

"Ni kweli, mama," Kétsia akamjibu. "Mimi nitaivua jioni. Lakini alama yake, Fifi atabaki nayo."

Mama yake akarudi kwenye maharagwe.

Floribert alifika kesho yake kwa pikipiki, matope mpaka magotini. Alimkuta nyuma ya nyumba akianika riboni. Alianza kueleza namna mama yake, Mama Anastasie, aliyekuja toka Butembo kuandaa arusi, alivyowalea peke yake baada ya baba kufa, na namna ambavyo hajawahi kumpinga. Alisema angependa nyumba yao ianze na amani. Kétsia alimwacha amalize.

"Costume yako, ile suti ya arusi, ni rangi gani?" akamuuliza.

"Nyeupe."

"Na Joséphine-Marie ni mutoto wa nani?"

Floribert akageuka kuangalia kama kuna mtu karibu. Kule Butembo kulikuwa na msichana wa miaka saba aliyejulikana kama kitinda mimba wa Mama Anastasie. Ukweli ni kwamba alikuwa binti wa Floribert, aliyezaliwa na msichana ambaye baadaye aliolewa kwingine. Floribert alikuwa amemweleza Kétsia mapema, zamani walipoanza kupendana, na Kétsia hakuwahi kulitamka.

"Ni wangu," alisema kwa sauti ndogo.

"Siko nakutisha. Hata tukiachana leo, siri yako nitaichunga. Lakini mama yako ananiweka alama mbele ya kanisa nzima, na wewe utasimama pembeni yangu na nyeupe yako, umenyamaza. Nitaishi namna gani na muntu mwenye ananyamaza?"

Floribert akawasha pikipiki akaondoka, na Kétsia akaendelea kuanika riboni huku machozi yakimtiririka.

Siku zikapita bila simu. Kétsia alikwishaanza kufikiria atawaambia nini watu aliowaalika, ndipo asubuhi moja Mama Anastasie mwenyewe akaingia uani, mfuko mkononi. Alikuwa mama mnene, mwenye kutembea kwa heshima, lakini siku hiyo alikaa kwenye kigoda cha chini bila kungoja kiti. Alimwomba mama yake Kétsia naye akae, asikie.

"Floribert amerudisha costume yake," alisema. "Anataka ya ivoire. Nikamuuliza juu ya nini, wadogo zangu waliotoka Butembo wakiwa pale. Akaniambia: mama, kama ni rangi ya wenye walisha kuzala, mimi nilimutangulia Kétsia miaka mbili. Akawaambia na wao kuhusu mutoto."

Kétsia hakutegemea hilo.

"Nililia usiku ule," Mama Anastasie akaendelea. "Nilimuona kwa mawazo mutoto wangu amesimama mbele ya kanisa, watu wanamuangalia ile nguo na kunong'ona. Roho iliniuma. Njo nikajua nilikuwa nakufanyia nini." Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Mimi nilimuficha Joséphine-Marie ili watu wasimucheke Floribert. Wewe hukumuficha Fifi. Nafikiri hiyo njo ilinikasirisha. Nilienda kumuona padri, nikifikiri atanipa haki. Aliniambia Kanisa halina sheria kama hiyo."

Akafungua mfuko. Kilikuwa kile kitambaa cheupe cha Goma.

"Unisamehe, binti yangu. Vaa ile unapenda."

Kétsia alikishika kitambaa, akakipitisha vidoleni. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini mbele yake aliona mama aliyetumia miaka yote hiyo akiogopa macho ya watu.

"Joséphine-Marie anamuita Floribert nani?" akauliza.

"Anamuita kaka."

"Mumulete arusini, mama. Na Floribert amuambie yeye mwenyewe."

Jioni Floribert alikuja. Alisimama mlangoni kama mgeni, akasema mambo yake yote kwa sentensi moja, kwamba aliona aibu, na kwamba hatamwacha tena asemwe peke yake. Kétsia alimwambia sasa anaweza kurudia costume nyeupe. Floribert akakataa.

"Ivoire karibu na nyeupe inaonekana kama nguo isiyofuliwa," Kétsia akamwonya. "Hiyo ni kazi yangu, ninaijua."

"Basi unitengenezee."

Kwa mara ya kwanza tangu siku ya kioo, Kétsia alicheka. Akatengeneza kweli. Alifunika kuta za salle kwa ivoire, akapitisha riboni nyeupe katikati, na maua ya meza akayachanganya rangi zote mbili, hivi kwamba bwana arusi na bibi arusi wakaonekana wamekatwa kutoka ukuta mmoja.

Siku ya arusi, Kétsia alishuka kwenye gari mbele ya kanisa akiwa na robe nyeupe iliyomkaa mwilini sawasawa. Mama Anastasie alikuwa ametangulia, amewashika Fifi na Joséphine-Marie, mmoja kila mkono. Mmoja wa akina mama wa parokia akamsogelea, akamshika Joséphine-Marie kidevu.

"Na huyu njo kitinda mimba wako wa Butembo?"

Mama Anastasie akasita kidogo. Kétsia, nyuma yake, akamwona akivuta pumzi.

"Hapana," alisema. "Ni mujukuu wangu. Wote wawili."

Floribert, aliyekuwa akingoja mlangoni na costume yake ya ivoire, akashuka ngazi, akampa Joséphine-Marie mkono. Msichana aliuangalia kidogo, kisha akaushika. Kétsia akamshika Fifi. Kwaya ikaanza, na wakaingia wote wanne.