Saa ya Kuanikwa

King'ora cha saa sita mchana kilipolia, jiji zima la Dodoma lilijilaza kwenye mikeka, migongo wazi, kama dagaa. Ndiyo saa ya kuanikwa. Chini ya ngozi ya kila mtu mzima klorofili ilianza kazi ile ile ya jani: kunasa mwanga, kuchanganya maji na hewa ukaa, kutengeneza sukari. Waliiita ngozijani, na majiko yalikuwa yamepoa mwaka wa nne sasa. Aliyeibuni alikuwa Sekela, mhandisi mwenye umri wa miaka arobaini na uchovu wa miaka themanini.

Asubuhi hiyo alikuwa ametia sahihi amri kwamba watoto wote wa jiji nao wapewe ngozijani. Saa tisa zoezi lingeanza. Mtoto wa kwanza kujaribiwa alikuwa bintiye, Lugano, wa miaka sita. Mwaka mzima tangu apewe hakuugua wala hakulia njaa. Ripoti ilimsifu: mtulivu.

Mama yake Sekela alikuwa amefika jana kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi, na leo alikuwa amekoka moto uani akazipika bila kumwomba mtu ruhusa. Yeye ngozi yake ilikuwa ile ile aliyozaliwa nayo.

"Mke mwenzangu!" alimwita mjukuu wake, mikono wazi. "Njoo mbio nikukumbatie, au umeninunia?"

Lugano alisimama mlangoni, hatua kumi hivi. Hakukimbia. Aliinua uso akalitazama wingu lililokuwa limefunika jua.

"Subiri lipite, Bibi. Nikikimbia sasa, jioni sitakuwa na nguvu."

Bibi alishusha mikono, akamgeukia binti yake aliyejilaza mkekani. "Sekela, mtoto huyu umemfanya nini?"

Sekela aliijua hesabu. Alikuwa ameificha hata nafsi yake. Mti una majani ya kufunika uwanja mzima, na hauendi popote. Mtu ana ngozi isiyotosha hata shuka, na ana miguu. Lugano hakuwa mtulivu. Alikuwa amejifunza kubania nguvu zake, na kitu cha kwanza kuacha kilikuwa kucheza. Sekela aliumia, akaona aibu.

Alijaribu kuinuka kwenye mkeka aende ofisini. Magoti yalimgomea, wingu lilikuwa bado halijapita.

"Mama," alisema, "nipakulie."

"Wewe? Miaka minne umekikataa chakula changu."

"Nipakulie, mama. Na mtoto pia. Nina sahihi ya kwenda kufuta, na jua silisubiri."