Sarafu Iliyokosa Jina

Sarafu kumi na nane zilikuwa kavu. Ya kumi na tisa ilikataa. Kila Janvier akiifuta, unyevu ulirudi juu yake kama jasho kwenye paji la mgonjwa wa homa.

Zilikuwa sarafu za shaba za Warumi wa kale, zimeachwa na mgeni aliyefia mjini, na Janvier alikuwa akizitambua nyumbani kwake Rubona, dirisha likitazama ziwa. Kazi yenyewe haikutaka haraka. Kwanza taji, ni la miale au la majani. Kisha herufi zinazozunguka kichwa. Mwisho jina la mfalme huandikwa kwenye bahasha ya sarafu. Hii haikuonyesha herufi hata moja, na uso ulikuwa umelika, bila macho wala pua.

Chumba cha pili, mkewe Uwimbabazi alikuwa akimbembeleza binti yao wa siku saba. Kesho wangempa jina. Janvier alikuwa ameshachagua Gwiza, lakini hakumwambia mtu, maana kwao jina la mtoto halitamkwi kabla ya siku yake. Ila mdomo huponza kichwa. Aliandika Gwiza kwenye bahasha, akacheka.

"Bon, Gwiza. We hauna jina, kamata hii kwanza."

Mtoto akanyamaza katikati ya kilio.

Harufu ya shaba mbichi ikajaa chumbani, hewa ikawa baridi, na alipoitazama tena ile sarafu akaona pua imechomoza, pua ndogo, halafu midomo, halafu sikio lenye kikunjo kile kile alichokibusu asubuhi kwenye sikio la binti yake, na macho mawili yakafumbuka polepole yakamtazama yeye.

"Janvier," Uwimbabazi alinong'ona mlangoni, mtoto mikononi. "Mutoto iko baridi. Ananiangalia kama hanijue."

Mama yake Janvier, bibi Mukabera, alitoka jikoni, akaiona bahasha, na Janvier akakiri kwamba jina lililo juu yake ndilo alilomchagulia mtoto.

"Yesu wangu! Kitu ilikosa jina miaka yote, na we unaipa ya mutoto? Tafuta jina yake, mbio!"

Janvier aliweka karatasi juu ya sarafu, akaisugua kwa penseli mpaka herufi zilizolika zikajichora. P. R. O. Akafunua kitabu chake cha picha za wafalme wa Roma: taji la miale, ndevu fupi, P, R, O.

"Probus!" akapiga kelele. "We ni Probus!"

Uso ukafutika. Mtoto akalia. Mukabera akaenda kuitupa sarafu ziwani, na aliporudi wote watatu walilia kwa furaha.

Kesho yake watoto wa majirani walikula, kisha kila mmoja akapendekeza jina, kama ilivyo desturi. Wazazi walikuwa wameshakubaliana kimya kimya kuliacha jina la Gwiza na kumwita Kirezi. Wa mwisho kuulizwa alikuwa Cyuzuzo, msichana wa miaka minne.

"Gwiza," akasema.

Janvier akachuchumaa mbele yake. "Nani amekuambia?"

"Yeye mwenyewe. Iko analia kule mu maji."

Kutoka ziwani kikaja kilio cha kichanga, kile kile ambacho Uwimbabazi alikuwa akikibembeleza jana. Akamtazama Kirezi aliyetulia kifuani mwake, akampangusa paji la uso. Akapangusa tena.

Unyevu ulirudi.