Ujumbe Usiomfikia Seremala

Seremala huyu wenzake walimwita Fagio. Kila akimaliza kuranda ubao mmoja, alifagia maranda. Na simu yake aliifagia vilevile. Aliingia kwenye mipangilio, akafunga programu kwa lazima, moja baada ya nyingine.

"Zinakula betri hizi," alisema. "Na zinatuchungulia."

Mkewe alikuwa na mimba ya miezi tisa. Ndani ya karakana mtandao wa kupiga simu haukushika, ila kulikuwa na intaneti ya mwenye karakana. Basi wakakubaliana: uchungu ukianza, mke atatuma ujumbe.

Siku tatu mke alijaribu. "Umekula?" Kimya. "Mgongo unauma." Kimya. Jioni ya tatu, nyumbani, Fagio alifungua programu ya ujumbe mezani, na ujumbe wote ukaingia kwa mpigo.

"Ndiyo kwanza unauona?" mke aliuliza.

"Ndiyo kwanza unaingia, mke wangu."

"Usinifanye mtoto! Simu unayo kutwa. Nani anakushughulisha huko?"

Fagio aliapa. Mke akanusa shati lake. Lilinuka gundi ya mbao tu, na hilo nalo likamtia shaka. Mbona gundi tu? Mwenye wivu hakosi ushahidi. Lakini kilichomuuma zaidi ni hofu. Aliogopa kuwa peke yake siku ya uchungu.

Asubuhi alimpeleka mumewe kwa jirani yao, fundi simu, mwanamke asiyecheka ovyo.

"Dada, mchunguze huyu shemeji yako."

"Shemeji, fanya kama ufanyavyo kila siku," fundi alisema.

Fagio akafunga programu zake zote. Mke akamtumia ujumbe. Simu haikulia.

"Mmepanga nyie wawili," mke alisema.

"Tungepanga lini? Sikiliza. Programu unayoitazama iko mbele, na simu huipa nguvu kwanza. Ukiiacha, inakwenda nyuma. Huko simu huipunguzia kazi, hata kuilaza, ili betri idumu. Inafanya hivyo yenyewe. Ujumbe ukija, huiamsha programu yake. Lakini ukiifunga kwa lazima, umeikataza kuamka mpaka uifungue mwenyewe."

"Na betri?" Fagio aliuliza.

"Kufunga na kufungua upya kila saa kunaweza kuimaliza zaidi."

"Na kuchungulia?"

"Usiyoiamini, inyime ruhusa ya kamera na maikrofoni. Au iondoe kabisa."

Kisha fundi akaifungua programu ya ujumbe, akaiondolea kizuizi cha betri, ili iweze kufanya kazi ikiwa nyuma.

"Hii moja tu," alionya. "Ukizipa zote uhuru huu, betri haitafika jioni. Na hii usiifunge tena kwa lazima."

Mke akatuma ujumbe. Simu ikalia. Akatoka nje, akatuma tena mara tatu. Hakuwa mtu wa kuridhika upesi.

Siku mbili baadaye, mchana, uchungu ulianza. Mke aliandika, "Njoo." Akakaa ukingoni mwa kitanda akiutazama mlango. Moyoni alikwishapanga maneno makali ya kumwambia mumewe jioni.

Mlango ukafunguka. Fagio aliingia mbio, maranda kichwani, penseli sikioni.

"Nilikuwa nimeshakuhukumu," mke alisema, machozi yakimtoka.

"Najua. Nishike bega, gari liko nje."

Binti yao alizaliwa hospitalini saa tisa alasiri. Baba yake alikuwa nyuma ya mlango, akasikia kilio cha kwanza.